Vita vya panzi katika soko la kamera za dijitali, na kunguru aliyevifaidi

Na MWANDISHI WETU

KAMPUNI inayouza kuliko wenzake wote leo si lazima iwe ndiyo itakayosalia sokoni kesho. Mwaka 2005 kampuni ya Kodak ya Marekani iliongoza kwa mauzo ya kamera za dijitali nchini mwake, ikiwa imezipiku Canon na Sony za Japani. Mnamo Januari 2012, miaka saba tu baadaye, Kodak ilikuwa mbele ya mahakama mjini New York ikiomba kulindwa dhidi ya wadai wake.

Kisa cha Kodak ni maarufu, lakini ni sehemu moja tu ya hadithi iliyo ndefu zaidi. Katika muda wa miaka 20 hivi, zaidi ya kampuni kumi zenye majina makubwa zilijitosa katika ugomvi wa kuwania mgao wa soko la kamera, zikashindana kupunguza bei, zikanyang'anyana wateja na hata kushtakiana. Zilipokuja kuinua macho, sehemu kubwa ya soko lenyewe ilikuwa imetwaliwa na mtu ambaye hazikuwa zikipigana naye: mtengenezaji wa simu. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Makala haya yanaeleza jinsi mapambano hayo yalivyoendeshwa, kwa nini baadhi ya kampuni zilinusurika ilhali nyingine zilitoweka, na maana yake kwa mtu anayeitegemea kamera kupata riziki.

Aliyevumbua ndiye aliyesita

Kamera ya dijitali ilizaliwa nyumbani kwa Kodak. Mwaka 1975, katika maabara ya kampuni hiyo mjini Rochester, jimbo la New York, mhandisi kijana aliyeitwa Steven Sasson aliunda chombo chenye uzani wa takriban kilo 3.6 kilichoweza kupiga picha bila filamu. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, yenye vitone 10,000 pekee, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhiwa kwenye kaseti. Ili kuitazama, ilibidi kuunganisha mtambo mwingine na runinga.

Isitoshe, mwanasayansi mwingine wa Kodak, Bryce Bayer, alibuni mpangilio wa vichujio vidogo vya rangi nyekundu, kijani na samawati unaokiwezesha kihisi, yaani kile kibamba kinachonasa mwanga ndani ya kamera, kutambua rangi. Hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Hadi leo karibu kila kamera ya dijitali, ikiwemo ile iliyo ndani ya simu yako, hutumia mpangilio huo.

Kwa hivyo Kodak haikukosa maarifa. Ilichokosa ni sababu ya haraka ya kuyatumia. Biashara yake ilisimama juu ya filamu. Kamera iliuzwa mara moja, lakini mteja alirudi tena na tena kununua filamu, karatasi na dawa za kusafishia picha, na hapo ndipo faida nono ilipotoka. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni hiyo ilidhibiti takriban asilimia 90 ya soko la filamu nchini Marekani. Kamera isiyohitaji filamu ilikuwa sawa na mkulima kualikwa aukate mwembe unaomlisha.

Wengi hudhani kwamba Kodak ililala usingizi wa pono. Sivyo. Mwaka 1991 ilitoa kamera ya dijitali ya waandishi wa habari iliyojengwa juu ya kamera ya Nikon, na bei yake ilikuwa takriban dola 20,000. Baadaye ilileta kamera za EasyShare zilizopendwa na familia kwa urahisi wa kuzitumia, na ndizo zilizoifikisha kileleni mwa soko la Marekani. Tatizo ni kwamba kilele hicho hakikuwa na malisho. Kamera ndogo za dijitali zilileta faida kiduchu, na hakukuwa na filamu ya kuuza baada yake. Kodak iliteka soko jipya ambalo halingeweza kuwalisha makumi ya maelfu ya wafanyakazi waliozoea kulishwa na soko la zamani.

Mbio za megapikseli

Wakati huo Wajapani walikuwa wameingia uwanjani kwa kishindo. Mwaka 1995 kampuni ya Casio, iliyojulikana zaidi kwa saa na vikokotoo, ilitoa kamera iliyoitwa QV-10. Ubora wa picha zake ulikuwa duni, robo ya megapikseli tu, lakini ilikuwa na skrini nyuma yake. Mpigapicha aliweza kuiona picha papo hapo na kuifuta asipoipenda. Tabia hiyo tunayoiona kuwa ya kawaida leo ilianza kuenea hapo.

Kisha zikafuata Canon, Nikon, Sony, Olympus, Fujifilm, Panasonic, Pentax, Minolta, Ricoh, Kyocera na nyinginezo. Hata Hewlett-Packard ya Marekani, ambayo ni kampuni ya kompyuta na mashine za kuchapisha, ilijiunga na msafara huo kabla ya kuuacha mwaka 2007.

Ushindani huo ulihitaji kipimo ambacho mnunuzi angekielewa dukani, na kipimo hicho kikawa megapikseli, yaani mamilioni ya vitone vinavyounda picha. Kamera ya megapikseli mbili ilipitwa na ya tatu, ya tatu ikapitwa na ya tano, na kila mwaka kamera ya mwaka uliotangulia ikaonekana kuukuu. Hata hivyo, kuna jambo ambalo matangazo hayakulieleza. Kihisi cha kamera ya mfukoni ni kidogo kuliko ukucha. Ukizidisha vitone juu ya kibamba kilekile, kila kitone hubaki na nafasi ndogo zaidi ya kupokea mwanga, na palipo na giza picha huingia chembechembe. Kwa hivyo kampuni zilishindana kuongeza idadi ambayo, kupita kiwango fulani, haikumfaidi mnunuzi.

Hasara kubwa zaidi ilikuwa kwamba kamera hizo zilifanana mno. Vihisi vingi vilinunuliwa kutoka kwa watengenezaji wachache, na kampuni ya Sanyo iliwaundia wenzake kamera nyingi zilizouzwa kwa majina mengine. Bidhaa zinapofanana kama maharagwe ya gunia moja, muuzaji hubaki na silaha moja tu, nayo ni bei.

Wakati mwingine kampuni zilijaribu kumfunga mteja kwa ujanja. Sony ilikuwa na kadi yake ya kumbukumbu iitwayo Memory Stick tangu mwaka 1998, nazo Olympus na Fujifilm zikaanzisha ya kwao, xD, mwaka 2002. Kadi ya mmoja haikuingia katika kamera ya mwingine. Wateja walikerwa, na kadi ya SD iliyoungwa mkono na Panasonic, Toshiba na SanDisk ndiyo iliyoenea kote. Mwaka 2010 Sony yenyewe ilianza kuikubali kadi hiyo katika kamera zake.

Waliolemewa walianza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Kyocera ilijiondoa mwaka 2005. Mwaka 2006 Konica Minolta ilitangaza kuacha biashara ya kamera na kuikabidhi Sony mali na utaalamu wake. Pentax iliingia mikononi mwa kampuni ya Hoya, kisha mwaka 2011 ikauzwa kwa Ricoh.

Kamera ni ukoo

Kwa nini basi Canon na Nikon hazikutikisika mapema kama wengine? Jibu limo katika lenzi.

Mtu anunuapo kamera kubwa yenye lenzi za kubadilishwa, huwa haoi mke peke yake bali huoa ukoo mzima. Lenzi ya Nikon haifungi katika kamera ya Canon. Mpigapicha wa harusi au wa gazeti hununua lenzi moja ya watu walio karibu, nyingine ya mandhari na nyingine ndefu ya michezo, na baada ya miaka michache thamani ya lenzi hizo huipita kwa mbali thamani ya kamera. Kuhamia kampuni nyingine humlazimu kuuza zote kwa hasara na kuanza upya. Ndiyo sababu wengi hawahami.

Nikon imetumia mdomo wake wa kufungia lenzi, uitwao F, tangu mwaka 1959. Canon ilifanya uamuzi mgumu mwaka 1987 ilipouacha mdomo wake wa zamani na kuanzisha mwingine, uitwao EF, uliotumia umeme kuielekeza lenzi. Wateja wake wa wakati huo walinung'unika kwa kuwa lenzi zao zilipitwa na wakati, lakini mfumo huo mpya uliwavuta wapigapicha wa michezo na kuipa Canon msingi imara enzi ya dijitali ilipowadia.

Enzi hiyo ilipofika, mafahali hao wawili walikuwa tayari na watu wao. Nikon ilitoa D1 mwaka 1999, kamera ya megapikseli 2.7 iliyoyafanya magazeti mengi yaanze kuiacha filamu. Canon ilijibu mwaka 2003 kwa EOS 300D, kamera ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa kwa chini ya dola 1,000, na mwaka uliofuata Nikon ikaja na D70. Tangu mwaka huo wa 2003, Canon imekuwa ikitangaza kwamba ndiyo inayoongoza duniani kwa kamera za lenzi za kubadilishwa.

Kunguru atua

Mnamo Novemba 2000, simu ya Sharp iliyokuwa na kamera nyuma yake iliuzwa nchini Japani. Picha zake zilikuwa hafifu, na watengenezaji wa kamera hawakuwa na sababu ya kuihofia. Kisha mwaka 2007 Apple ikaleta iPhone, na katika miaka michache iliyofuata simu za kisasa zikaenea.

Simu haikushinda kwa ubora wa picha. Ilishinda kwa sababu ilikuwa mfukoni tayari, na kwa sababu picha yake iliweza kutumwa kwa jamaa na marafiki papo hapo. Mwenye kamera alilazimika kurudi nyumbani, atafute waya na kompyuta, ndipo picha ipate kuonwa na wengine. Aidha, kwa mwenye simu, kamera ilikuwa kama bure.

Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera chenye makao yake jijini Tokyo, zinasimulia yaliyofuata. Mwaka 2010 wanachama wake walisafirisha zaidi ya kamera milioni 121 za dijitali, idadi ambayo haijawahi kufikiwa tena. Mwaka 2013 zilikuwa milioni 63 hivi. Mwaka 2019 zilikuwa milioni 15, na mwaka 2020, wakati wa janga la corona, zilishuka chini ya milioni tisa. Kwa maneno mengine, kwa kila kamera 100 zilizotoka viwandani mwaka 2010, miaka kumi baadaye zilitoka saba tu.

Pigo hilo halikuwaangukia wote sawasawa. Kamera ndogo za mfukoni, zile zilizofanana kama maharagwe, ndizo zilizofagiliwa. Nikon ilikifunga kiwanda chake cha Wuxi nchini China mwaka 2017, na zaidi ya wafanyakazi 2,000 wakapoteza kazi. Kampuni hiyo ilitaja kuenea kwa simu kuwa sababu. Casio, iliyotufundisha kuitazama picha papo hapo, iliacha kutengeneza kamera za mfukoni mwaka 2018. Olympus iliiuza biashara yake ya kamera, na kufikia Januari 2021 ilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine.

Anayeuza majembe

Katika kila mbio za kuchimba dhahabu, kuna mtu asiyechimba ila huuza majembe. Katika soko la kamera, mtu huyo ni Sony.

Sony huuza kamera, lakini pia ndiyo mtengenezaji mkubwa zaidi duniani wa vihisi vya picha, ikidhibiti takriban nusu ya soko hilo kwa thamani. Huiuzia vihisi Nikon ambayo ni mshindani wake. Huiuzia pia Apple, jambo ambalo mkuu wa Apple, Tim Cook, alilithibitisha hadharani Desemba 2022 alipozuru kiwanda cha Kumamoto nchini Japani. Kila mara simu ilipomuua mtengenezaji mmoja wa kamera, huenda sehemu ya bei ya simu hiyo iliingia mkobani mwa Sony.

Nguvu hiyo ndiyo iliyoiwezesha kuwashambulia wakubwa wawili. Kamera za zamani zilikuwa na kioo ndani kilichopeleka taswira kwenye tundu la kuchungulia. Panasonic ilionyesha mwaka 2008 kwamba kioo hicho kinaweza kuondolewa, na mpigapicha akatazama skrini ndogo badala yake. Mwaka 2013 Sony ilitoa kamera za A7, zisizo na kioo lakini zenye kihisi kikubwa kama kipande cha filamu ya milimita 35.

Canon na Nikon hazikuwa gizani. Nikon ilitoa kamera zisizo na kioo mwaka 2011, nayo Canon mwaka 2012. Lakini zilizifanya ndogo na dhaifu kiasi, zisije zikadhuru mauzo ya kamera zao kubwa zenye kioo. Hilo lilikuwa kosa lilelile la Kodak, kuulinda mwembe wa zamani. Ilikuwa mwaka 2018 ndipo zote mbili zilipojitosa kikamilifu, Canon kwa EOS R na Nikon kwa mfumo wa Z. Kufikia wakati huo Sony ilikuwa na miaka mitano ya kuwavuta wapigapicha wao.

Makadirio yaliyochapishwa na gazeti la Nikkei la Japani kuhusu mwaka 2020 yaliipa Canon takriban asilimia 48 ya soko la kamera za dijitali, Sony asilimia 22, na Nikon, iliyokuwa imeshindana na Canon bega kwa bega kwa miongo, asilimia 14 hivi. Canon ilibaki kileleni kwa sababu ilikuwa na lenzi nyingi mikononi mwa watu na pia hujitengenezea vihisi vyake yenyewe.

Funzo la Fujifilm

Fujifilm ya Japani ilikuwa mpinzani mkuu wa Kodak katika filamu, na ilikabiliwa na tufani lilelile. Chini ya uongozi wa Shigetaka Komori, iliutazama ujuzi wake wa kemia na kujiuliza ungefaa wapi kwingine. Ikaupeleka katika dawa, vifaa vya hospitali na hata vipodozi vya ngozi. Fauka ya hayo, haikuiacha picha. Kamera zake za Instax, zinazotoa picha ya karatasi papo hapo, ziliuzwa mno katika enzi hiyohiyo ya simu, na kamera zake za X100 zenye sura ya kizamani zikawa zikigombewa.

Tofauti kati ya kampuni hizo mbili si kwamba moja iliiona hatari na nyingine haikuiona. Kodak iliukimbilia mgao wa soko, ikaupata, na kukuta ni mtupu. Fujifilm ilitafuta kazi ambazo wengine hawangeweza kuziiga kwa haraka.

Kwa mpigapicha wa hapa kwetu

Mabadiliko hayo yalifika hadi kwetu. Kwa miaka mingi wapigapicha wa bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi walipiga picha kwa filamu, wakazipeleka kusafishwa, na mteja akasubiri. Kamera ya dijitali na mashine ndogo ya kuchapisha ziliwaondolea gharama ya filamu na kuwawezesha kumpa mteja picha yake kabla hajaondoka. Simu ikaja ikamwondoa mteja mwenyewe. Aliyebaki na kazi ni yule anayefanya jambo ambalo simu hailimudu vyema: harusi yenye mwanga hafifu, mchezaji aliye mbali uwanjani, video ya saa nyingi.

Kwake yeye, mgao wa soko si habari ya matajiri wa Tokyo. Kampuni ikijiondoa, kamera haifi siku hiyo, lakini betri, vipuri na fundi huanza kuadimika, na lenzi hushuka bei. Aliyekuwa amewekeza kwa Minolta aliona mfumo wake ukirithiwa na Sony mwaka 2006, kisha kufikia mwaka 2021 Sony nayo ikawa imeacha kuuza kamera za mfumo huo. Vivyo hivyo, kamera zenye kioo za Canon na Nikon sasa zinapatikana kwa bei nafuu katika soko la mitumba. Bado zinapiga picha nzuri, lakini kampuni zenyewe zimehamishia nguvu zao kwingine. Anayezinunua aulize kwanza kama lenzi zake zitaweza kutumika katika kamera mpya kupitia kiunganishi. Lenzi za EF za Canon zinaweza, na nyingi za Nikon pia, ingawa si zote zitakazolenga zenyewe.

Aidha, kabla ya kuvutiwa na bei, ni busara kuangalia wenzako wanatumia nini. Mpigapicha ambaye mfumo wake ni wa wengi atapata wa kumwazima lenzi yake inapoharibika asubuhi ya harusi.

Soko halijazikwa. Mwaka 2024 kamera zilizosafirishwa zilikaribia milioni 8.5, zaidi ya mwaka uliotangulia, na hata kamera ndogo zilianza kutafutwa tena na vijana waliochoshwa na picha za simu. Wanaozinunua sasa ni wachache, nao hulipa zaidi kwa kila kamera. Kampuni zilizosalia zimejifunza kuishi kwa wateja hao, baada ya kupoteza miaka mingi zikipigania wateja milioni 100 ambao hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuwaweka.